Mashine ya kurejesha joto katika nyumba ya Unguja: tuanze na unyevu

Mwaka juzi niliitwa katika nyumba moja ya Mbweni iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa: madirisha ya vioo yasiyopenyeza hata upepo wa kaskazi, kiyoyozi katika kila chumba, na juu ya dari mashine ya kubadilisha hewa ambayo jamaa yao aliwaletea kutoka Sweden. Mama mwenye nyumba alinifungulia kabati, akanionesha kanzu za mumewe zilizoota koga mabegani, akaniuliza, "Fundi, mashine inakwenda usiku na mchana, hii koga inatoka wapi?"

Mashine ya aina hii ina feni mbili. Moja huitoa nje hewa iliyochakaa, nyengine huleta hewa safi, na hewa hizo mbili hupishana katika kiini chenye njia nyembamba bila ya kuchanganyika, huku joto likivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Katika nchi za baridi, nje kukiwa na nyuzi 10 chini ya sifuri na ndani nyuzi 20, kiini kinachorejesha asilimia 80 ya joto huiingiza hewa safi ikiwa tayari na nyuzi 14. Hiyo ni faida kubwa, na ndiyo iliyoifanya mashine hii ipendwe huko.

Kwetu hesabu ni nyengine. Mchana wa Februari, nje kukiwa na nyuzi 31 na chumba chenye kiyoyozi nyuzi 25, tofauti ni nyuzi 6 tu. Lakini hewa hiyo ya nje, unyevu wake ukiwa asilimia 70, hubeba takriban gramu 20 za maji katika kila kilo, ilhali ya ndani, kwa asilimia 55, hubeba gramu 11. Ukiingiza mita za ujazo 100 kwa saa, kiasi ninachokikadiria kwa watu watatu au wanne, umeingiza nyumbani karibu lita moja ya maji ya ziada kila saa. Na kiyoyozi kitafanya kazi zaidi ya mara tatu kuyatoa maji hayo kuliko kuipoza hewa yenyewe. Kiini cha kawaida, kiwe cha alumini au cha plastiki, hupitisha joto na kuuacha mvuke uingie wote. Koga ya kabatini ilitoka huko.

Nilipopanda darini nilikuta na jengine. Kiyoyozi kilikuwa kimewekwa nyuzi 20, na bomba linalotoa hewa hiyo ya baridi lilipita katika joto la chini ya mabati bila ya kuvishwa kitu, likitoka jasho hadi mbao zikawa nyeusi. Mashine yenyewe ilikuwa na tundu la kutolea maji upande wa hewa inayotoka, kwa kuwa katika nchi za baridi mvuke hugeuka maji upande huo. Hapa hugeuka maji upande wa hewa inayoingia, ambao haukuwa na tundu.

Kwa hiyo, mteja akiniuliza achague mashine ipi, humuuliza kwanza iwapo nyumba yake inafungwa na kupozwa kwa saa nyingi. Ikiwa anaishi kwa kufungua madirisha, asinunue: upepo wa kusi ukiwa na pa kuingilia na pa kutokea unatosha, kama mafundi wa Mji Mkongwe walivyojua kwa ua wa katikati na dari za juu. Ikiwa inafungwa, hewa safi ni lazima, kwani kiyoyozi cha ukutani huzungusha ile ile ya chumbani, na watu wawili wanaolala humo huamka na vichwa vizito.

Hapo ninapendekeza kiini cha utando unaopitisha mvuke pamoja na joto, ambacho kizuri chake hurudisha nje karibu nusu ya unyevu uliotaka kuingia. Sehemu za ndani ziwe za plastiki, maana chumvi ya bahari hula alumini, na machujio yawe mahali ambapo mtu anayafikia kwa ngazi fupi, la sivyo hayatasafishwa.

Mbweni tulibadilisha kiini, tukayavisha mabomba, tukatoboa tundu la upande wa pili na kukipandisha kiyoyozi hadi nyuzi 25. Kanzu zilifuliwa na kurudishwa kabati lile lile, na kipima unyevu nilichokiacha juu ya rafu kilisoma asilimia 58 masika yalipofika.