Mstari wa wilaya hauhamishi mtoto

Darasa la P.1, yaani la kwanza la shule ya msingi, huwezi kulihesabu ukiwa umesimama mlangoni. Mmoja anatoka kwenda chooni, wawili wanaingia, na dawati la watatu limebeba watano. Katika miaka niliyofanya kazi ya mipango ya elimu wilayani, magharibi mwa Uganda, nilijifunza kuwatoa wote nje, kuwapanga kumi kumi chini ya mwembe, kisha kuwarudisha ndani huku nikichora vijiti kwenye daftari. Siku ya soko sikuhesabu kamwe, maana nusu ya darasa iko sokoni na mama zao.

Watu wakisikia nilikuwa mpangaji, swali lao huwa lilelile: kama shule hii imejaa na ile ya ng'ambo ya bonde ina nafasi, mnashindwa nini kuwagawa watoto? Mpwa wangu aliye Marekani aliniambia kwamba huko bodi ya shule huketi na ramani, ikasogeza mpaka, na watoto wa mtaa fulani wakapanda basi kwenda shule nyingine. Kwetu mpaka wa namna hiyo haupo. Mzazi wa Uganda humpeleka mtoto shule ya serikali anayoitaka, na mtoto huenda kwa miguu yake. Tuna mpango wa kuwa na angalau shule moja ya msingi ya serikali katika kila parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), lakini hakuna anayemzuia mtoto wa parishi ya pili kuvuka kijito. Shule ikisifika kwa mwalimu mmoja mzuri, au ikichimbiwa kisima, muhula ujao imefurika.

Mipaka ya utawala nayo imezidi kuongezeka. Mwaka 1986 nchi ilikuwa na wilaya 33. Leo zimepita 130, na tangu Julai 2020 kuna majiji mapya yaliyomegwa kutoka wilaya, kama Mbarara na Fort Portal. Wilaya ikigawanywa, walimu, madawati na bajeti hugawanywa kwenye karatasi. Mtoto anayeishi upande huu na kusoma upande ule hajui kwamba asubuhi hiyo amevuka kwenda wilaya nyingine. Anahesabiwa alikoketi, wakati mipango ya makazi ya wazazi wake inafanyika kwingine.

Basi nani ana mamlaka ya kufanya nini? Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inaipa kila shule ya msingi ya serikali kamati ya usimamizi. Wajumbe wake wanatoka kwa wazazi, walimu, serikali ya mtaa, na kwa waasisi wa shule, ambao mara nyingi ni kanisa au msikiti, na mwenyekiti hutoka upande huo wa waasisi. Kamati hiyo haiajiri mwalimu hata mmoja; hiyo ni kazi ya Tume ya Utumishi ya Wilaya, nayo inabanwa na fungu la mishahara lililotoka Kampala. Haijengi darasa kwa ruzuku ya wanafunzi, maana ruzuku ile huishia kwenye chaki, vitabu na matengenezo madogo. Haiwezi kumlazimisha mzazi kulipa ada. Inaweza kuomba mchango wa hiari tu. Kilichobaki mikononi mwake ni vitu viwili ambavyo kamati nyingi huvidharau: kupanga nani akae chumba kipi, na kuipelekea wilaya hesabu ya kweli.

Nianze na hesabu. Chukua mfano wa kubuni, ingawa nimepita shule nyingi zinazofanana nao. P.1 ina watoto 148, P.2 ina 112, P.3 ina 96, P.4 ina 81, P.5 ina 60, P.6 ina 44 na P.7 ina 31. Jumla ni 572. Vyumba ni saba, kwa hiyo wastani ni watoto 82 kwa chumba. Walimu ni tisa, wastani 64 kwa mwalimu, wakati kiwango ambacho sekta yetu imekuwa ikikitumia ni 53. Ukiwa ofisini wilayani utaandika "shule ina msongamano wa wastani" na kwenda kunywa chai. Lakini hakuna mtoto anayekaa kwenye wastani. Kuna anayekaa katika chumba cha 148, na kuna anayekaa katika chumba cha 31.

Msongamano wetu umekaa kwenye madarasa ya chini, na una sababu zake. Elimu ya bure ya msingi ilipoanza Januari 1997, waliosajiliwa waliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja, na wengi wao waliingia kupitia mlango wa P.1. Wimbi lile lilipita, lakini mlango bado umejaa. Chekechea za serikali hazipo, kwa hiyo mama anayekwenda shambani humleta mtoto wa miaka minne P.1, akilelewa na dada yake wa P.3. Rasmi mtoto hupanda darasa kila mwaka. Kimyakimya mwalimu humrudisha yule asiyeweza kusoma. Ukiongeza watoro wanaoacha kuanzia P.4, unapata umbo la mtungi: tumbo pana chini, shingo nyembamba juu.

Kwenye makazi ya wakimbizi ndiko umbo hilo huonekana wazi zaidi. Nakivale, Kyaka II, Kyangwali, Rwamwanja: familia nyingi zimetoka Kongo, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha kwenye vikao, kuliko Kiingereza cha barua tunazoandikiana. (Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini sijawahi kuona fomu ya idadi ya wanafunzi iliyoandikwa kwa Kiswahili.) Nakumbuka mama mmoja aliyesimama kikaoni, kitenge kimefungwa vizuri, akasema kwa sauti ya chini: "Bwana mkubwa, mwanangu alikuwa darasa la tano kule kwetu. Hapa mmemuweka la pili, na magoti yake hayaingii chini ya dawati." Alikuwa na haki. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa hushushwa kwa sababu ya Kiingereza, na P.1 hadi P.3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, ambayo naye haijui. Tunamshusha ili ajifunze lugha, kisha tunalalamika kwamba madarasa ya chini yamejaa. Pale panapowezekana kumpa miezi michache ya Kiingereza pembeni na kumrudisha kwenye daraja lake, nafasi hupatikana bila tofali hata moja. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kuomba jengo.

Zamu mbili nazo husemwa sana. Kundi la asubuhi, kundi la mchana, chumba kilekile. Kwenye karatasi umepata mara mbili ya vyumba. Shuleni, mwalimu yuleyule anafundisha zamu zote mbili na saa nane mchana sauti imemwisha. Mtoto wa mchana anarudi giza likiingia. Na nyumba yenye watoto katika zamu tofauti haina tena wa kumshika mdogo. Nimeona ikifanya kazi palipokuwa na walimu wa ziada waliolipwa. Bila hao, mnagawana uchovu.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa shule huanza karibu na Februari. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Darasa likifurika Februari, ombi lako linaingia kwenye mazungumzo ya bajeti ya Oktoba au Novemba, halmashauri inapitisha kabla ya mwisho wa Mei, pesa zinaanza Julai, zabuni inachukua miezi, mkandarasi anachimba msingi mvua zikiwa zimeshika. Mtoto aliyekuwa P.1 mlipolia sasa yuko P.3. Na kazi ikichelewa hadi Juni 30, salio hurudi Hazina. Ndiyo maana nilikuwa nikiwasihi wenyeviti wa kamati: msiniletee hesabu ya leo tu, nileteeni orodha ya watoto wa miaka minne na mitano kijijini. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anazijua nyumba zote.

Na hesabu hiyo iwe ya kweli. Ruzuku hufuata idadi, kwa hiyo shule nyingine huongeza majina. Mpangaji akishagundua majina hewa mara moja, hupunguza kila hesabu inayotoka kwenye shule ile, pamoja na ya kweli. Nimefanya hivyo mwenyewe, na shule iliyonyimwa darasa kwa sababu hiyo ilikuwa kweli imejaa.

Ardhi sitaisemea sana, ila mara nyingi ni ya waasisi, na mhandisi wa wilaya hapendi kujenga pasipo maandishi. Maandishi hayo yapatikane kabla ya bajeti.

Nirudi kwenye vyumba. Shule moja niliyoihudumia, jina naliweka kando, ilikuwa na P.7 ndogo katika chumba kikubwa chenye madawati mapya, na P.1 wakiwa sakafuni katika chumba chenye dirisha moja. Nilipopendekeza wabadilishane, mwalimu mkuu alikataa kabisa. Mtihani wa PLE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ndio unaoipa shule jina, akasema, na walimu wake bora lazima wakae juu. Nilimwelewa. Matokeo ya P.7 hutangazwa redioni. Hakuna redio inayotangaza watoto wangapi wa P.1 wamejua kusoma. Kikao kilikwenda hadi jua likazama, wazazi wakagawanyika, na mzee mwenyekiti akatusikiliza muda wote akichezea fimbo yake. Mwishoni aliuliza swali moja: "Hao wa P.7 wa kesho, si ndio hawa walioko sakafuni?"

Walikubaliana P.1 igawanywe mikondo miwili, mkondo mmoja upewe chumba kikubwa, na P.7 wahamie stoo baada ya kutobolewa madirisha kwa mchango wa wazazi. Nilipopita muhula wa pili, P.7 walikuwa wakisoma pembeni ya magunia ya mahindi, wamenuna kidogo. Katika chumba kikubwa, mwalimu wa P.1 alikuwa akitembea katikati ya madawati na kuinama juu ya daftari la mtoto wa nyuma kabisa. Mwezi Februari hakuwa na pa kukanyaga.