Mahakama ya Juu ya Marekani: yanayosemwa mtaani na yaliyomo kwenye hukumu

Juni ikikaribia kwisha, Mahakama ya Juu ya Marekani hufungulia maji. Muhula wa majaji huanza Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, na mashauri mazito huachwa hadi siku za mwisho kabla ya likizo. Ndani ya wiki moja zinaweza kutoka hukumu za uhamiaji, bunduki, vyuo na madaraka ya rais, nyingine zikipita kurasa mia. Hakuna anayezimaliza jioni ileile. Kinachosambaa ni kichwa cha habari, kisha sauti ya WhatsApp ya mtu aliyesoma kichwa hicho, kisha maelezo ya mtu aliyeisikiliza sauti hiyo akiwa ndani ya basi.

Makosa mengi yanayosambaa hivyo, niliyoyaweka hapa chini kwenye alama za nukuu, yana chanzo kimoja. Mahakama hujibu swali lililoletwa mbele yake, na swali hilo mara nyingi ni dogo kuliko ugomvi wenyewe.

“Mahakama imefuta uraia wa watoto wanaozaliwa Marekani”

Hii ndiyo iliyowatia watu hofu kubwa zaidi, hasa familia zetu zilizoko kule kwa viza za masomo na za kazi, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Trump alitia saini amri iliyosema kwamba mtoto anayezaliwa Marekani hatatambuliwa kuwa raia ikiwa mama yake yuko nchini bila kibali, au yuko kwa kibali cha muda tu, na baba yake si raia wala mkaaji wa kudumu. Majaji wa shirikisho katika majimbo ya Maryland, Massachusetts na Washington waliizuia amri hiyo kwa nchi nzima. Serikali ikakimbilia Mahakama ya Juu, lakini kwa ujanja wa kisheria ambao wengi hawakuuona: haikuomba amri itangazwe kuwa halali. Iliuliza tu kama jaji mmoja wa mahakama ya chini ana uwezo wa kuzuia sera ya rais kwa kila mtu nchini, hata kwa watu ambao hawakufungua kesi.

Jibu lilitoka 27 Juni 2025, majaji sita dhidi ya watatu, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Amy Coney Barrett. Majaji wa chini, alisema, huenda hawana uwezo huo, kwa kuwa sheria iliyounda mahakama za shirikisho mwaka 1789 haikuwapa. Kuhusu uraia wenyewe, kama mtoto ni raia au si raia, walio wengi hawakuamua lolote.

Hukumu hiyohiyo iliacha wazi mlango wa kesi ya kundi, yaani watu wengi wenye dai moja kuwakilishwa na wachache. Mawakili hawakungoja kupambazuke. Siku ileile walifungua kesi ya namna hiyo New Hampshire, na tarehe 10 Julai Jaji Joseph Laplante akawatambua watoto wote walioguswa na amri kuwa kundi moja, kisha akaizuia upya. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ikakubali kulisikiliza suala lenyewe. Yaani aliyetangaza mwezi Juni kwamba mambo yamekwisha alitangaza zaidi ya miezi mitano kabla Mahakama haijakubali hata kulitazama swali.

Na kuna mambo mawili ambayo yangewaondolea watu wengi presha. Amri hiyo, hata kwa maneno yake yenyewe, haikuwagusa watoto waliokwishazaliwa. Ilihesabu wale watakaozaliwa kuanzia siku 30 baada ya kusainiwa. Pili, chukua mama mwenye viza ya mwanafunzi na mumewe mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu. Mtoto wao hayumo kwenye amri. Nimeisoma mwenyewe, si ndefu, na sehemu hiyo haihitaji wakili kuielewa.

Kinachobishaniwa ni Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya mwaka 1868, yanayompa uraia anayezaliwa nchini na aliye chini ya mamlaka ya nchi hiyo. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu iliyatumia kwa Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, mtoto wa wazazi wa Kichina, aliyekataliwa kuingia aliporudi kutoka safari ya China. Alishinda, na hukumu hiyo ndiyo inayoshikwa na kila upande hadi leo, kila mmoja akiisoma kwa miwani yake.

“Rais wa Marekani hashtakiki tena kwa lolote”

Hukumu ya 1 Julai 2024, Trump dhidi ya Marekani, ilikuwa kubwa kweli, na sitajaribu kuipunguza. Lakini iliyagawa matendo ya rais mafungu matatu. Yale yanayotokana na madaraka aliyopewa na Katiba peke yake, kama kutoa msamaha kwa wafungwa, yana kinga kamili dhidi ya mashtaka ya jinai. Matendo mengine ya kiofisi yanadhaniwa kuwa na kinga, na mwendesha mashtaka anaweza kujaribu kuivunja dhana hiyo. Matendo binafsi hayana kinga kabisa.

Tatizo la hukumu hiyo liko kwenye mipaka. Rais akizungumza na maofisa wake wa Wizara ya Sheria kuhusu uchunguzi, kinga ni kamili. Akimshinikiza makamu wake kuhusu kuhesabiwa kwa kura, kinga inadhaniwa. Akizungumza kama mgombea? Hilo Mahakama ililirudisha kwa jaji wa chini alichambue. Jaji Sonia Sotomayor, katika maoni yake ya kupinga, aliona milango mingi mno imefungwa, na mimi naona hoja yake kwamba mpaka uliochorwa hivyo humfaidi mwenye madaraka haikujibiwa vizuri na wenzake.

Hata hivyo neno “lolote” halipo. Trump alikuwa ametiwa hatiani New York mwezi Mei 2024 kwa makosa 34 ya kughushi kumbukumbu za biashara. Januari 2025 aliomba Mahakama ya Juu isimamishe kusomewa adhabu. Majaji watano dhidi ya wanne walimkatalia, na kesho yake jaji wa New York akasoma adhabu, ingawa ilikuwa ya kuachiwa bila faini wala kifungo. Kesi ya shirikisho kuhusu uchaguzi wa 2020, ambayo wengi huamini ilizimwa na hukumu ya kinga, ilifutwa Novemba 2024 kwa sababu tofauti: alishinda uchaguzi, na Wizara ya Sheria ina msimamo wa zamani wa kutomshtaki rais aliyeko madarakani.

Hukumu hiyo pia inahusu mashtaka ya jinai dhidi ya rais mwenyewe. Haizuii mahakama kusimamisha amri zake, jambo ambalo majaji wamelifanya mara nyingi tangu arudi Ikulu.

“Utoaji mimba ni marufuku Marekani”

Hapana. Juni 2022, katika shauri la Dobbs lililoanzia kwenye sheria ya Mississippi ya kuzuia utoaji mimba baada ya wiki 15, Mahakama ilifuta hukumu ya Roe ya mwaka 1973, iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, na kusema Katiba ya shirikisho haina haki hiyo. Suala likarudi kwa majimbo. Majimbo mengi ya kusini yakapiga marufuku karibu moja kwa moja. California na New York yakaongeza ulinzi. Kilichowashangaza wachambuzi ni Kansas, jimbo la kihafidhina, ambako wiki chache baadaye, Agosti 2022, wapiga kura waliikataa kwa wingi hoja ya kuiondoa haki hiyo kwenye katiba ya jimbo lao.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Juni 2024 ilivuma kwamba Mahakama “imeidhinisha” mifepristone, vidonge vya kutoa mimba. Majaji wote tisa walisema tu kwamba madaktari waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua, kwa kuwa hawakuwa wakiwaandikia wagonjwa vidonge hivyo wala hawakuonyesha vimewadhuru vipi. Usalama wa vidonge haukuguswa.

Mengine ya haraka

Mahakama haikuifunga TikTok. Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2024 ya kuitaka ByteDance, kampuni inayoimiliki, iiuze au iondoke, na majaji, wote kwa pamoja, wakasema tarehe 17 Januari 2025 kwamba sheria hiyo haivunji uhuru wa kujieleza. Programu ilizimika usiku wa kesho yake na kurudi siku iliyofuata.

Mahakama haikumwondolea Trump tuhuma ya uasi ilipomrudisha kwenye karatasi za kura za Colorado, Machi 2024. Ilisema jimbo moja halina mamlaka ya kumwengua mgombea wa urais kwa kifungu cha Katiba kinachowazuia walioshiriki uasi kushika madaraka. Kama alishiriki uasi au hapana, hawakuamua.

Na kesi ya Chuo Kikuu cha Harvard? Hukumu ya Juni 2023 ilivizuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumpa nafasi. Lakini Jaji Mkuu John Roberts aliandika wazi kwamba mwombaji anaweza kueleza kwenye insha yake jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, iwe ni ubaguzi alioupata au moyo uliomtia nguvu, na chuo kikaipima insha hiyo kwa kumtazama yeye kama mtu. Mwanafunzi anayeogopa kutaja alikotoka anajinyima kitu ambacho Mahakama haikumnyima.

“Ni sita dhidi ya watatu kila siku”

Majaji tisa, sita wameteuliwa na marais wa Republican, watatu na wa Democratic. Ni rahisi kudhani kila kitu huenda kwa hesabu hiyo. Kwenye mashauri yanayotikisa siasa mara nyingi huenda hivyo kweli. Lakini katika muhula ulioisha Juni 2025, kama hukumu mbili kwa kila tano hazikuwa na jaji hata mmoja aliyepinga.

Itazame siku moja tu, 5 Juni 2025. Asubuhi hiyo zilitoka hukumu tatu za sauti moja ambazo wahafidhina walizishangilia, na kila moja iliandikwa na jaji mwanamke wa upande wa kiliberali. Ketanji Brown Jackson aliandika kwamba mfanyakazi wa Ohio aliyedai kubaguliwa kazini kwa sababu si shoga wala msagaji asiwekewe kizingiti kirefu kuliko cha wengine, kwa kuwa sheria ya ajira haibagui anayelalamika. Elena Kagan aliitupilia mbali kesi ya serikali ya Mexico dhidi ya watengenezaji wa bunduki wa Marekani. Sotomayor aliipa ushindi taasisi ya hisani ya Kikatoliki ya Wisconsin iliyonyimwa msamaha wa kodi kwa kuwa haihubiri kwa wale inaowahudumia.

Ipo nyingine ninayoipenda zaidi, ya Mei 2023. Bibi wa miaka 94 wa kaunti ya Hennepin, Minnesota, alidaiwa kodi ya nyumba ambayo, pamoja na riba na adhabu, ilifika dola 15,000 hivi. Kaunti ikaichukua nyumba, ikaiuza dola 40,000, na chenji yote ikabaki nayo. Majaji wote tisa wakasema huo ni unyang'anyi kwa mujibu wa Katiba. Roberts akakumbusha kwamba mlipa kodi humpa Kaisari kilicho cha Kaisari, lakini hakuna zaidi ya hapo. Hukumu hii haikusambaa popote, nadhani kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumchukia isipokuwa mtoza kodi.

“Mahakama imeshasema, imekwisha”

Sehemu kubwa ya habari zinazotufikia siku hizi si hukumu kamili. Ni amri za dharura: Mahakama inaombwa isimamishe uamuzi wa chini wakati kesi ikiendelea, inajibu kwa aya chache, wakati mwingine bila sababu, na vichwa vya habari vinatangaza mshindi.

Alabama ndiyo darasa la jambo hili. Jimbo lina viti saba vya Baraza la Wawakilishi, na watu weusi ni zaidi ya robo ya wakazi, lakini ramani ya uchaguzi iliwapa wingi kwenye wilaya moja tu. Mahakama ya chini iliikataa ramani hiyo. Februari 2022 Mahakama ya Juu, watano dhidi ya wanne, ikausimamisha uamuzi huo, na Jaji Brett Kavanaugh akaandika kwamba amri ile haikuwa hukumu juu ya kiini cha shauri. Watu walimsoma kama mtu anayejitetea, wakahesabu Alabama imeshinda.

Juni 2023 hukumu kamili ikatoka, watano dhidi ya wanne tena, safari hii dhidi ya Alabama, na Kavanaugh alikuwa miongoni mwa hao watano. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa umeshafanyika kwa ramani iliyokataliwa. Ramani mpya, iliyochorwa kwa usimamizi wa mahakama, ilitumika Novemba 2024, na wilaya ya pili ikamchagua Shomari Figures, Mdemocrat mweusi. Kiti hicho kilikuwa cha Republican.