Ukiwa na watoto wadogo, kimbunga kinaanza mchana kabla upepo haujafika

Wazazi wa ukanda wetu wa kusini, Mafia, Kilwa, Lindi mpaka Mtwara, wakinikuta kwenye vikao swali lao huwa ni moja tu, kimbunga kikija tukimbilie wapi na hawa watoto? Kazi yangu ni kuandaa kamati za maafa za vijiji na mitaa na swali hilo nalipenda kweli, ila huwa nawaomba tuanze na saa ngapi ndo tuje kwenye wapi. Maana mtu mzima peke yake anaweza akasubiri mpaka aone minazi inalala ndo achukue simu yake akimbie, lakini wewe una mtoto wa miezi 4 kwenye mbeleko, mwingine wa miaka 3 umemshika mkono, na bibi yao magoti yanamsumbua, wewe upepo ukishaanza hamna tena safari, unabaki hapo hapo ulipo na nyumba uliyonayo.

Wengi bado wanaamini vimbunga ni mambo ya Msumbiji na Madagaska. Kwa sehemu kubwa ni kweli, kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, nyuzi 26 na zaidi, na kinahitaji pia ule msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, sasa karibu na ikweta msukumo huo ni mdogo mno, upepo unavuma lakini haupati kujikunja ukawa kimbunga. Ndo maana Tanga wako salama kuliko Mtwara ambayo iko digrii 10 kusini. Lakini kuwa salama zaidi si kuwa salama kabisa jamani. Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka mashamba kwa mashamba. Lindi ikapigwa Aprili 1952. Halafu Hidaya, tarehe 4 Mei 2024, kikaingia nchi kavu pale Mafia, na Mei hiyo msimu ulitakiwa uwe umekwisha kwa sababu kwa kawaida vimbunga vya huku vinakuja kuanzia Novemba mpaka Aprili.

Katikati hapo kuna viwili ambavyo naona vimetufundisha vibaya. Kenneth, Aprili 2019, Mtwara shule zilifungwa, watu wakaambiwa wahame mabondeni, mwisho wa siku kikapiga Cabo Delgado upande wa pili wa mto Ruvuma. Kisha Jobo, Aprili 2021, kikaishiwa nguvu baharini kabla hakijafika Dar. Kwa hiyo ukitangaza sasa hivi unaambiwa "hao wanatutisha tu, si walisema na mwaka ule". Mimi hapo huwa naomba watu waangalie ramani, kutoka Mtwara mpaka kule Kenneth ilikopiga ni kama kilomita 200 hivi, na kule kilibomoa vijiji vizima. Kilomita 200 kwa kimbunga ni kukata kona kidogo tu, hamna mtabiri duniani anayeweza kukuhakikishia siku 2 kabla kwamba kona hiyo itakatwa. Ukihama ukalala kwa shemeji usiku mmoja halafu pakawa shwari, hujadanganywa, umelala kwa shemeji basi.

Tuje kwenye saa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa taarifa zake kwa ngazi, Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa, na Tahadhari Kubwa kwa rangi nyekundu. Mtaani watu wanasubiri nyekundu. Familia yenye mtoto chini ya miaka 5 isisubiri nyekundu, hilo nalisema kila kikao na nitaendelea kulisema. Njano ikitoka unapiga simu kule unakotegemea kulala, unachaji simu na pawabenki, unajaza maji kwenye madumu. Chungwa ikitoka watoto, wazee na wajawazito wanahama mchana huo huo, kungali na jua na bodaboda bado zipo barabarani, na usiku wanalala huko. Nyekundu ikitoka mlango umefungwa tayari. Piga hesabu ya kweli ya nyumba yako: kuamsha watoto, kunyonyesha, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea, kurudi kuchukua dawa, mtoto anataka haja, mvua imeanza, bodaboda hakuna. Ni saa nzima hiyo na zaidi, na unaitembea gizani.

Na kuna jambo halisemwi kwenye redio ila mimi nakutana nalo kila kijiji. Mama anasubiri ruhusa. Baba yuko baharini au yuko Dar kwenye biashara, mama anampigia hapati, mtandao unasumbua, anasema ngoja nimsubiri asije akarudi akakuta nyumba tupu. Akina baba mnaonisoma, naomba hili mliseme leo, kwa mdomo wenu na mbele ya mama mkwe kabisa: "rangi ya chungwa ikitoka chukua watoto uende kwa fulani, usinisubiri." Sentensi moja. Watu wanauliza habari za mifuko ya mchanga na makoti ya mvua, mimi nawaambia hiyo sentensi ina kazi kubwa kuliko vyote hivyo.

Sasa wapi. Si lazima iwe kambi ya serikali, mara nyingi nyumba bora ni ya ndugu au jirani wa mitaa mitatu mbele. Unachotafuta ni hivi, iko juu kidogo ya bonde na mbali na ufukwe, ukuta wake ni wa tofali za saruji na una lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, iliyozunguka nyumba nzima, na kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimefungwa kwa vyuma au waya nene mpaka kwenye lenta, hazijakaa tu juu kwa misumari miwili mitatu. Ukweli ni kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na spidi, upepo ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120 nguvu yake ya kusukuma haiwi mara 2, inakuwa mara 4, na kilomita 118 kwa saa ndo pale dhoruba inapoanza kuitwa kimbunga kamili. Upepo ukipita juu ya bati unalivuta kwenda juu, na kama kuna mlango wazi upande unakotoka upepo basi unaingia na kulisukuma kwa ndani pia, paa linafumuka kama mwavuli. Kwa hiyo ule ushauri wa "fungua madirisha upepo upite" naomba tuuache, funga kila kitu. Nyumba ya udongo na makuti haikai kwenye upepo huo hata ukiiombea, na bati linalopaa ndo linalokata watu, kwa hiyo hata kutoka nje dakika moja kumkimbilia mbuzi hapana.

Ndani ya nyumba chagua chumba kidogo cha katikati au korido isiyo na dirisha. Chumba kidogo kuta zake ziko karibu karibu zinashikana, sebule kubwa ndo inayoanza kwenda. Watoto wakae sakafuni kwenye kona, godoro ulisimamishe liwakinge au walale chini ya kitanda cha mbao ngumu, kabati na TV viwe mbali nao. Kama nyumba iko chini ya mwembe au mnazi basi upande ule wa mti hakuna kulala mtu.

Halafu kuna jicho. Upepo unaweza ukakata ghafla, kukawa kimya, hata nyota ukaziona, watoto wanaomba kutoka na watu wazima nao wanaanza kutafuta mabati yao yaliporuka. Hapo ni katikati ya kimbunga. Dakika kadhaa tu, mara nyingine mpaka kama saa nzima, upepo unarudi na safari hii unatokea upande wa pili kabisa, na ukuta uliokuwa umejikinga ndo unapigwa sasa. Msitoke mpaka TMA au mwenyekiti atangaze.

Kwa wa pwani kabisa, maji ndo yanaua kuliko upepo. Kimbunga kinasukuma bahari mbele yake, ikikutana na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, inaingia mpaka majumbani. Hidaya ilifika mwezi ukiwa unaelekea kwisha, siku za maji mafu ambazo bahari haijai sana, na mimi hilo huwa nalishukuru waziwazi kwa sababu kwetu tofauti kati ya maji kujaa na kutoka wakati wa bamvua inapita mita 3. Kingekuja siku 4 au 5 baadaye, mwezi mchanga, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Wavuvi mnajua hesabu ya mwezi kuliko mimi, muwe mnaitazama pamoja na taarifa ya TMA, chungwa pamoja na bamvua ni sawa na nyekundu kwa nyumba iliyo karibu na maji. Na kwenye maji yanayotembea usijaribu kuvuka na mtoto, sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima.

Mzigo wa mtoto usiwe mkubwa. Kadi ya kliniki kwenye nailoni iliyofungwa vizuri, pampasi au nepi, nguo kavu seti 2 nazo kwenye nailoni, maana mtoto mchanga akilowa anapoteza joto haraka hata hapa kwetu kwenye joto, chandarua, ORS pakiti kadhaa na zinki za kuhara, tochi, na chakula kisichohitaji moto. Maka peni pia, namba yako ya simu muandike mtoto mkononi, yule anayetembea hasa, kambini watu wanachanganyikana. Dawa za mtoto mwenye selimundu, pumu au kifafa beba za wiki 2. Hidaya ilipopita barabara ya Dar kwenda Lindi na Mtwara ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama, na ukiwa na mtoto anayehitaji dawa kila siku barabara ikikatika ndo kimbunga chako kinaanza.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Hofu haikaushi maziwa, inaweza ikayachelewesha kutoka dakika chache, mweke mtoto kifuani, mpe muda, yatakuja. Najua wasamaria wema wanaleta maziwa ya kopo kambini na wanaleta kwa moyo safi kabisa, lakini maji ya kuyachanganyia ni ya kisima kilichofurika na chupa haina pa kuchemshwa, hapo ndo kuhara kunaanza. Kama unataka kumsaidia mama wa kichanga mletee chakula chake yeye na maji salama ya kunywa.

Taa iwe tochi, koroboi na mshumaa kwenye chumba chenye godoro na chandarua upepo ukivuma hapana. Na jiko la mkaa usiliingize kwenye chumba mlichojifungia, ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini, na mtoto ndo anatangulia.

Watoto wa miaka 3 na kuendelea waambie mapema watakachosikia, bati litalia, upepo utapiga mluzi, umeme utakatika, na baba na mama wako hapa. Ukiwaficha wanajua tu, wanakuangalia uso. Mpe kila mmoja kazi, huyu ashike tochi, huyu amhesabie bibi madumu. Wenye dua na nyimbo zao wazianze mapema, sauti ya mtu mzima anayesoma taratibu nimeona inatuliza chumba kizima kuliko simu yenye katuni, na chaji inabaki.

Asubuhi yake watoto wabaki ndani watu wazima watangulie, waangalie nyaya za umeme zilizolala kwenye maji, misumari, nyoka, na kuta zilizopasuka ambazo zinaanguka baadaye zikikauka. Maji yote ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa hata kama kisima kinaonekana safi, vyoo vimefurika usiku kucha.

Mwisho, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, kwa hiyo una pa kuuliza. Nenda kwa mwenyekiti wako kabla ya Novemba umuulize mambo matatu, jengo gani limepangwa la kujihifadhi, lina choo na maji, na ufunguo anao nani. Hilo la ufunguo usilione dogo, shule nyingi ufunguo anao mwalimu mkuu na mwalimu mkuu anakaa mbali, kwa hiyo omba wa akiba ukae kwa mtu anayelala hapo hapo kijijini, na namba yake uiandike ukutani.