Presha Imeshuka, Niache Dawa? Maswali Yasiyokwisha Kliniki

Presha ya kupanda ni nini?

Ni msukumo wa damu kwenye mishipa unaobaki juu muda wote. Namba ya juu ni ya moyo unapojikaza, ya chini ni ya unapolegea. Mtu mzima akipimwa siku tofauti na kila mara akapata 140/90 au zaidi, ana presha. Kwa walio wengi hakuna chanzo kimoja: ni umri, urithi, uzito, chumvi, pombe na kukaa kitako kutwa nzima.

Nimebadilisha mlo, natembea kila asubuhi, na juzi presha ilikuwa 128/80. Sasa naweza kuacha dawa?

Hapana. Hiyo 128/80 umeipata ukiwa unameza dawa, kwa hiyo ni kazi ya mlo, miguu yako na kidonge kwa pamoja. Ukimwondoa mmoja bila mtu kukufuatilia, hujui namba itakwenda wapi.

Kinachowadanganya wengi ni siku za mwanzo. Chukua mfano wa amlodipine, dawa ya presha ambayo wengi wanaitumia: nusu yake hutoka mwilini baada ya siku moja na nusu hadi mbili hivi. Ukiacha Jumatatu, Jumatano ukipima bado namba ni nzuri, na hapo ndipo mtu anapotangaza nyumbani kwamba amepona. Wiki zinazofuata presha inapanda polepole bila kumuuma popote. Na ukiwa unatumia dawa za atenolol au propranolol, kuacha ghafla kunaweza kuushtua moyo wenyewe.

Mbona utafiti umeonyesha chakula kinashusha presha?

Kweli kabisa, na tunaupenda utafiti huo. Ule unaojulikana zaidi unaitwa DASH, ulifanyika Marekani na kutolewa mwaka 1997. Watu wazima 459 walilishwa kwa wiki 8. Mlo ulioshinda ulijaa matunda, mboga, nafaka zisizokobolewa, maharage, karanga na maziwa yenye mafuta kidogo. Kwa waliokuwa na presha, namba ya juu ilishuka kwa takribani 11 wakilinganishwa na waliokula mlo wa kawaida. Si haba.

Lakini tazama walioingizwa. Hakuna aliyekuwa akitumia dawa za presha, namba ya juu ilikuwa chini ya 160, na chakula kiliandaliwa na watafiti wenyewe. Kama wewe ulianzia 190/115, toa 11 kwenye 190: unabaki na 179. Hiyo bado ni namba ya kupasua mshipa.

Hakuna kabisa waliofaulu kuacha dawa?

Wapo. Utafiti wa TONE, uliotolewa Marekani mwaka 1998, uliwachukua wazee wa miaka 60 hadi 80 waliotumia dawa moja tu na ambao presha yao ilikuwa chini ya 145/85. Walipunguza chumvi, au uzito, au vyote. Baada ya miezi kama mitatu ndipo watafiti wakawapunguzia dawa, huku wakiwapima mara kwa mara. Hata kwenye kundi lililopunguza vyote viwili, waliobaki salama bila dawa miaka miwili na nusu baadaye hawakufika nusu.

Kwa hiyo kupunguziwa dawa kunawezekana. Anayepunguza ni mtaalamu, kwa hatua, na vipimo mkononi. Kuacha mwenyewe kwa sababu pakiti imeisha na mwili uko sawa ni jambo jingine kabisa.

Chumvi iliyopikwa si haina madhara? Tunaambiwa mbaya ni ile mbichi.

Jamani. Moto hauondoi sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Chumvi uliyoitia kwenye mchuzi ni ileile uliyonyunyizia mhogo au embe mbichi. Ya mawe, ya pinki, ya bei ghali, zote zimo.

Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Kupima sufuria kwa sufuria ni kazi, basi pima pakiti: siku unapofungua chumvi ya nusu kilo, iandike tarehe kwa kalamu. Nyumba ya watu wazima watano isiyovuka kiwango hutumia gramu 25 kwa siku, hivyo pakiti idumu siku 20 au zaidi. Ikiisha siku ya kumi, kila mmoja anakula gramu 10, na hapo hatujahesabu mkate, viungo vya pakiti, papa na ng'onda. Magadi ya kulainishia maharage au mlenda nayo ni sodiamu. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Kuna pia chumvi iliyochanganywa na potasiamu. Huko China, utafiti katika vijiji 600 wenye watu karibu 21,000, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba waliotumia chumvi hiyo (robo yake ikiwa ya potasiamu) walipungukiwa na kiharusi kwa asilimia 14. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa ya spironolactone, asiiguse bila kuuliza. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo.

Mazoezi kiasi gani?

Dakika 150 kwa wiki, mfano nusu saa siku tano, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba kunakushinda. Jembe na baiskeli vinahesabika. Kama presha ni 180/110 au zaidi, ishushwe kwanza. Kunyanyua vyuma huku umebana pumzi kunaipandisha papo hapo.

Mimi nameza dawa kichwa kikiuma tu. Kuna ubaya?

Upo, mkubwa. Presha kwa kawaida haiumi. Mtu hufika ana 200/120, amekuja kwa miguu yake, anacheka, wakati figo zimeshaanza kuharibika. Dawa ya presha si ya maumivu. Inafanya kazi ikimezwa kila siku, kichwa kiume kisiume.

Kinachokuambia ukweli ni kipimo, tena kilichopimwa vizuri. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Nenda haja ndogo. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono mtupu juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati. Mkanda mdogo wa kipimo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo.

Dawa inanivimbisha miguu, ndiyo maana niliacha.

Amlodipine hufanya hivyo kwa baadhi ya watu. Captopril, enalapril na lisinopril huleta kikohozi kikavu. Rudi useme, utabadilishiwa. Usiache, na usiazime za jirani: enalapril au losartan kwa mama mjamzito humdhuru mtoto tumboni.

Nitajuaje kiharusi, na nifanye nini?

Uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja unaanguka ukiinuliwa, maneno yanavurugika. Moja tu likitokea ghafla, hospitali sasa hivi. Si kesho, si baada ya kikao cha familia, si baada ya kupitia kwa mganga. Angalia saa dalili zilipoanza na uitaje mkifika, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Usimpe chakula wala maji, atapaliwa. Usimwekee nifedipine, dawa ya kushusha presha, chini ya ulimi. Ikishusha presha ghafla, ubongo unakosa damu zaidi.

Nimeshaacha miezi mitatu. Nianze tena zile zilizobaki?

Nenda ukapimwe leo, hata kama hujisikii vibaya. Beba pakiti zote, na tupu pia, na za mitishamba usizifiche. Usimeze mbili kufidia. Sema wazi uliacha lini: ukinyamaza, mtaalamu ataona 180, atadhani dawa zimeshindwa, na atakuongezea nyingine juu ya ambazo hukuwa unameza.