Mchoro wa Kugusa Si Picha Iliyowekewa Uzi

Mwalimu anayempokea mwanafunzi asiyeona huanza kwa nia njema: anachukua picha ya kitabuni, anapitisha gundi na uzi juu ya kila mstari, kisha anamkabidhi mwanafunzi. Vidole vinapita, vinarudi, vinapotea njia. Jicho hupokea picha nzima kwa mara moja, ilhali kidole hukusanya habari kipande kwa kipande, na kila mstari wa ziada humwongezea msomaji mzigo wa kukumbuka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza. Kama somo ni sehemu za ua, ondoa kivuli, udongo na kipepeo. Petali ziwe za kitambaa laini, shina liwe uzi mnene, jani liwe kadi ngumu. Acha nafasi ya angalau milimita 3 kati ya mstari na mstari, maana ikipungua hapo kidole huiona miwili kuwa mmoja. Kitambaa kikishakuwa petali leo, kisigeuke maji kwenye ramani ya kesho bila mwanafunzi kuambiwa.

Jihadhari pia na mazoea ya macho. Mdomo wa kikombe kitabuni huchorwa kama yai lililolazwa, lakini mtoto aliyewahi kushika kikombe anajua ni duara. Mchoree umbo la ubavuni, au la kutoka juu, si yote mawili kwa pamoja. Kitu halisi kikipatikana, kitangulie mchoro. Ukitumia sanamu ya mbu yenye ukubwa wa ngumi, mwambie papo hapo mbu halisi ana ukubwa gani.

Maelezo yaandikwe kwa nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, za ukubwa wa kawaida. Mfumo huu, uliochapishwa na Louis Braille mwaka 1829, una seli, yaani nafasi ya herufi moja, ya nukta 6 inayoenea chini ya ncha ya kidole. Kwa msomaji aliyekwisha kuzoea, kuzikuza ni kumpunguzia kasi. Anayeanza ni habari nyingine: kata trei ya mayai ibaki na mashimo 6, safu mbili za matatu, mpe mipira midogo, kisha taja herufi aijaze. Herufi a ni mpira mmoja juu kushoto. L ni safu nzima ya kushoto. Watoto huupenda sana mchezo huu, na wenzao wanaoona huingia wenyewe.

Hilo la kucheza pamoja nalitilia mkazo. Bao la sataranji huhitaji mabadiliko machache tu: miraba myeusi iinuliwe kidogo, kila mraba uwe na tundu, kete ziwe na kijiti chini zisianguke zinapopapaswa, na kete nyeusi ziwe na kichwa cha pini juu. Rangi zitofautiane waziwazi, kwani wengi wenye ulemavu wa kuona wana uoni hafifu na hutumia macho na vidole kwa pamoja. Karatasi inayong'aa huwasumbua. Msasa mkali hufisha ganzi vidole, utumie kwa uchache.

Kabla ya kutoa nakala nyingi, mpe zana hiyo mtu asiyeona aijaribu. Kujifumba macho mwenyewe hakutoshi, kwa sababu picha tayari unayo kichwani. Usimuulize, "Umelipata jani?" Muulize, "Umepata nini?", kisha unyamaze.