Hekalu la Hidimba: nyumba ya mbao iliyojengwa kufunika jabali

Ndani ya hekalu la Hidimba Devi hakuna sanamu kubwa. Kuna jabali. Limechomoza kutoka ardhini na kujaza sehemu kubwa ya chumba, na chini yake waumini huinama kutazama alama za nyayo zinazoaminiwa kuwa za mungu huyo wa kike, pamoja na kisanamu chake cha shaba njano chenye urefu wa sentimita chache tu. Mwaka 1553 Raja Bahadur Singh, mfalme wa bonde la Kullu, aliagiza jengo lijengwe kulizunguka jabali hilo, katika msitu wa Dhungri, Manali, kaskazini mwa India. Anayelitazama hekalu hili kama jengo la fahari huku akilisahau jiwe hataelewa kwa nini ndani yake ni padogo na pana giza kiasi kile.

Hidimba hakuanza akiwa mungu. Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale wa Kihindi, ni zimwi la msituni, wa jamii ya wala watu. Pandava, ndugu watano walio mashujaa wa utenzi huo, wakiwa wamenusurika njama ya kuwateketeza ndani ya nyumba, waliingia msituni usiku na kulala na mama yao Kunti, mmoja wao, Bhima, akabaki macho. Zimwi Hidimb alinusa harufu ya watu, akamtuma dada yake awalete waliwe. Dada akamwona Bhima, akampenda, akamfichulia kila kitu. Kaka alipochoka kungoja akaja mwenyewe, wakapigana, Bhima akamuua. Kunti akaridhia ndoa kwa sharti kwamba Bhima ataishi na mkewe mpaka apatikane mtoto. Akazaliwa Ghatotkacha, aliyekuja kuuawa katika vita vya Kurukshetra kwa silaha ambayo Karna, adui wa Pandava, alikuwa amemwekea Arjuna, nduguye Bhima.

Watu wa Manali wana mwendelezo wao. Husema Hidimba alibaki msituni akifanya ibada na tafakuri, mpaka akapata daraja la umungu. Isitoshe, mapokeo ya Kullu yanadai ndiye aliyempa ufalme mtawala wa kwanza wa bonde hilo, Vihangamani Pal, na hadi leo familia ya kifalme humheshimu kama bibi yao. Sherehe kubwa ya Kihindu ya Dussehra, ambayo Kullu huanza siku ile inapomalizika kwingineko India, humngojea yeye afike akiwa amebebwa kwenye machela. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hawa wamekwenda mbali zaidi, wamemfanya mzee wa ukoo. Mwanawe naye ana mahali pake pa ibada karibu na hekalu: si jengo, ni mti uliotundikwa pembe za wanyama.

Mlango ndio sehemu ya kusimama muda mrefu. Miimo na vizingiti vyake vimechongwa kwa tabaka, fremu ndani ya fremu: miungu ya Kihindu kama Durga, Lakshmi na Vishnu, Shiva na Parvati, kisha wachezaji ngoma, wanyama, maua na mizabibu. Msomaji aliyezoea milango ya Lamu au Unguja, ambako kwa kawaida fundi hupamba kwa majani, maua na maandishi, atashangaa kuona viumbe wamejazana hivi. Juu ya ukuta zimetundikwa pembe za mbuzi wa milimani.

Ipo hadithi kwamba raja alimkata fundi mkono wa kulia ili asijenge hekalu jingine kama hili, naye akajizoeza kutumia wa kushoto na kujenga jingine zuri zaidi huko Chamba, ambako walimkata kichwa kabisa. Hadithi za namna hii husimuliwa kuhusu majengo mengi, Taj Mahal likiwemo, nami siichukui kama historia. Inachotuambia ni kwamba waliokuja baadaye walimheshimu seremala kuliko raja.

Jengo lenyewe lina kimo cha mita 24 hivi. Paa tatu za mraba zimepandana, kila moja ndogo kuliko iliyo chini yake, zimeezekwa kwa mbao. La nne, juu kabisa, lina umbo la pia na limefunikwa kwa shaba. Mteremko wa paa hizi huangusha theluji, na kingo zilizotokeza nje huzuia maji yasifikie kuta za mawe na boriti zilizokandikwa udongo. Mbao ni za mwerezi wa Himalaya, mti unaozunguka hekalu pande zote. Mafuta yake yenye harufu kali huwachukiza wadudu na kuchelewesha kuoza.

Mafundi wa Himachal, jimbo ilimo Manali, wana mbinu wanayoiita kath-kuni: safu ya boriti, safu ya mawe makavu yasiyo na saruji, kisha boriti tena, na kwenye pembe za ukuta boriti hupishana na kufungamana. Ardhi ikitikisika, mawe husuguana na kumeza sehemu ya nguvu ya tetemeko, huku boriti zikizuia ukuta usifumuke. Tarehe 4 Aprili 1905 tetemeko la Kangra liliua watu karibu 20,000. Ngome ya Naggar, iliyojengwa katika bonde la Kullu kwa mtindo huu, ilibaki imesimama. Naona aibu kidogo kwa fani yetu ya ujenzi ninapoona hoteli za zege zikipandishwa ghorofa juu ya ghorofa kwenye miteremko ileile.

Tangu 1967 hekalu liko chini ya ulinzi wa Idara ya Akiolojia ya India. Lakini mbao za paa huchakaa kwa theluji na jua, na lazima zibadilishwe kila zinapochoka. Baadhi ya wageni hulalamika wakisikia hivyo, kana kwamba wametapeliwa. Mimi naona malalamiko hayo hayana msingi: paa la mbao lisilobadilishwa huvuja, na likivuja nakshi za mlangoni ndizo zitakazooza. Kinachohitaji kulindwa zaidi ni mierezi ya Dhungri, pamoja na watoto wa mafundi wanaojua kuichagua na kuipasua.