Ndoo ya Maganda Bado si Mboji

Siku hizi kila mwenye bustani ya viroba hapa Dar anayo "mboji". Wa Tabata anayo, wa Mbagala anayo, wa Kimara anauza kabisa. Fungua kifuniko sasa: maganda ya ndizi yanaelea kwenye maji meusi, machicha ya nazi yameota ukungu, na harufu ni ya mayai viza. Hiyo, jamani, si mboji.

Mboji ni mabaki ya mimea na chakula yaliyovunjwavunjwa na vijidudu, penye hewa na unyevu, mpaka yakawa kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo. Wengine huiita mbolea vunde. Samadi ni kinyesi cha mifugo. Unaweza kuichanganya humo, lakini kiroba cha mavi ya kuku hakigeuki mboji kwa kubadilishiwa jina tu.

Kinachonikera hasa ni hii imani kwamba chochote kilichooza ni mboji. Kuoza kuko kwa namna mbili. Penye hewa, bakteria na kuvu wanakula taka na kutoa joto. Pasipo hewa wanashika zamu vijidudu wengine, na hao ndio wenye gesi ya methani, tindikali na ule uvundo. Ndoo iliyofunikwa gubigubi ni ya hao wa pili. Tena taka za jikoni kwetu ni maji matupu: maganda ya papai, ya tikiti, mashina ya mchicha. Zikikaa peke yake zinashikamana, hewa inakosa pa kupita.

Zinataka kitu kikavu. Kwa kila kopo moja la taka mbichi, weka mawili au matatu ya majani makavu au maranda ya fundi seremala. Wataalamu wanalenga kaboni, iliyojaa kwenye vikavu, sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni, iliyo zaidi kwenye taka mbichi, sehemu 1, ila kwa nyumbani vipimo vya kopo vinatosha. Na majani yenyewe yapo bure! Mtu anafagia majani ya mwembe alfajiri, anayachoma, moshi wote unaingia dirishani kwa jirani, halafu jioni analalamika kwamba ndoo yake inanuka.

Halafu kuna suala la kuiva. Biwi la kama mita moja kila upande, likichanganywa vizuri, hufika nyuzi joto 55 hadi 65, na mbegu nyingi za magugu hufa humo. Chomeka panga katikati, liache kidogo, lichomoe: bapa likiwa la moto, kazi inaendelea. Ndoo ya lita 20 haifiki huko, ndiyo maana nyanya na mipapai hujiotea katikati ya matembele. Si vibaya, inaiva polepole tu.

Ubaya ni kuiwahisha. Mboji mbichi ukiifukia, vijidudu bado wana njaa, na kama humo majani makavu ni mengi wanachukua naitrojeni ya udongoni, ambayo ndiyo chakula cha mboga. Mchicha unageuka njano, mwenyewe anasema "mboji imeniunguzia mboga" na kukimbilia urea, mbolea ya dukani yenye naitrojeni. Kama una shaka, lowesha konzi moja, ifunge kwenye kopo lenye kifuniko, ifungue baada ya siku chache. Ikinuka vibaya, haijaiva.

Kwa hiyo ukiulizwa mna nini ndooni, sema tu taka za jikoni, hakuna aibu. Itoboe matundu chini na ubavuni, tia majani makavu, igeuze kila wiki, na masika yakianza ikinge isilowe chapachapa. Kwa joto la Dar, ipe miezi miwili mitatu hivi. Uite mboji siku utakapokoroga na kushindwa kutambua lipi lilikuwa ganda la ndizi.